Saa Iliyorudi Nyuma

Machi 3, Jumanne

Mvua ya kwanza. Paa la maabara limeanza kuvuja pale pale pa mwaka jana, juu ya meza yangu, nami nimeweka ndoo ile ile. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu na hapendi kitu kipite bila kumbukumbu, kwa hiyo amenipa daftari hili. Asema mtu anayetarajia kuitwa profesa kamili mwezi wa tano hana budi kuacha maandishi yanayosomeka. Nikamjibu kwamba nimekwisha kuandika makala arobaini na mbili. Kasema, "Nilisema yanayosomeka."

Machi 4

Basi kwa faida ya wajukuu ambao bado hawajazaliwa, nieleze kazi yangu kwa lugha ya watu.

Jicho ni mlango tu. Mwenye nyumba ni ubongo, naye hukaa chumba cha nyuma, kisogoni. Vitu vilivyo kushoto kwako huonwa na ubongo wa kulia, na vilivyo kulia huonwa na ubongo wa kushoto. Usiniulize kwa nini, nimeulizwa hivyo miaka ishirini na sita na sijapata jibu la kuridhisha. Kiharusi kikipiga upande mmoja wa kisogo, mtu hubaki na macho mawili mazima na nusu ya dunia.

Miaka kumi na minne iliyopita niliwachukua watu kumi na mmoja wa aina hiyo, nikawalaza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Nikawaonyesha nukta zinazocheza, upande ule wasioona. Walipaswa kubonyeza kitufe wakiona kitu. Hawakubonyeza, na ubongo ulikaa kimya. Nikawapa mazoezi ya nukta ya kufanya nyumbani, nusu saa kila siku, wiki sita. Nikawarudisha mashineni. Wakabonyeza! Na kilichowaka ni upande mzima wa ubongo, ule usiohusika. Nikatangaza kwamba ubongo umejichongea barabara mpya, nikaiita Njia ya Kando. Jina likapendwa kuliko hoja. Hospitali zikachukua mazoezi, mikutano ikanichukua mimi, na mpaka leo watu wakinitambulisha husema, "Huyu ndiye wa Njia ya Kando," kama vile nauza viwanja huko.

Machi 8, Jumapili

Kaka na mkewe wamekuja kula. Kaka ameendesha malori miaka thelathini na mitano. Desemba kiharusi kilimnyang'anya nusu ya kushoto ya dunia yake, na tangu Januari anafanya mazoezi yangu kwenye kompyuta niliyomwazima. Aliingia, akagonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, akauambia mlango, "Samahani, bwana."

Alama zake zilianzia kumi na mbili kwa mia. Wiki hii thelathini na nane.

"Mei ishirini naenda kupimwa macho, leseni yangu irudi," kasema. "Mdogo wangu ndiye daktari wa mambo haya. Mimi nina wasiwasi gani?"

Mimi pia sikuwa nao. Nikaandika 38 kwa kalamu nyekundu.

Machi 11

Ndoo imejaa mara mbili.

Machi 13

Bi Mashaka amekuja ofisini. Hilo si jina lake, ni jina nililompa mimi, naye huliitikia. Ni mwanafunzi wangu wa uzamivu. Alikuwa muuguzi miaka tisa kabla ya kurudi chuoni, na wodi zilimfundisha kutoamini neno la mtu yeyote aliyevaa koti jeupe. Kazi yake ni kurudia jaribio langu kwa mashine mpya, yenye kamera inayolinda jicho lisihame kutoka alama ya katikati. Wagonjwa wanane, wiki sita.

"Hakuna kitu, Daktari."

"Hata kidogo?"

"Hata hicho kidogo hakipo."

"Labda hawafanyi mazoezi. Wagonjwa ni kama wanafunzi."

"Niliwapigia simu kila siku."

"Basi umewachosha. Kaka yangu ana miaka sitini na miwili, hapigiwi simu na mtu, na anapanda kama mkunde."

Akanitazama jinsi muuguzi anavyomtazama mgonjwa anayeapa kwamba dawa amekwisha kunywa.

Machi 17

Kikao. Mvua. Kikao.

Machi 22, Jumapili

Kaka hamsini na tano! Kalamu nyekundu.

Walipoondoka mke wangu alikuwa anapangusa fremu ya mlango. Kasema, "Shemeji kagonga tena. Bega lile lile."

"Amefika hamsini na tano."

"Wewe unatazama alama, mimi natazama bega."

Hesabu si fani ya kubembeleza watu.

Machi 27

Mkuu wa kitivo ameniletea bango la mhadhara wangu: *Njia ya Kando: Miaka Kumi na Minne ya Ugunduzi*. Mei 22, ukumbi mkubwa. Baada yake kamati ya uprofesa itaketi. Picha waliyotumia ni ya wakati nina nywele. Sikuona sababu ya kusahihisha.

Aprili 2

Bi Mashaka ameomba ufunguo wa stoo, atazame kumbukumbu za zamani. Nikamwambia, karibu makumbusho, usiguse mabaki ya kale. Hakucheka. Namwona amekuwa mkaidi siku hizi, na nimewahi kuwasifu watu kwa ukaidi huo huo ulipokuwa haunihusu.

Aprili 5

Kuna maabara mbili za ng'ambo zilizowahi kurudia jaribio langu zikatoka mikono mitupu. Niliwajibu kwa maandishi kwamba walifanya haraka. Bi Mashaka ameyasoma majibu hayo.

"Umeandika vizuri sana," kasema.

"Asante."

"Nilisema vizuri, Daktari. Sikusema zaidi ya hapo."

Aprili 9

Ameniuliza kwa nini kwenye skrini ya zamani hapakuwa na maandishi, hata "Karibu" au "Bonyeza."

Swali hili nililipenda. Nikamweleza kwamba wawili kati ya wale kumi na mmoja hawakujua kusoma, nami sikutaka waone haya mbele ya mashine. Nikaondoa kila herufi. Maelekezo nilitoa kwa sauti, na kutuliza macho kabla ya nukta tuliwaonyesha filamu fupi ya saa ya ukutani, isiyo na nambari, mshale wa sekunde ukizunguka kwa dakika tano.

"Kwa hiyo hapakuwa na herufi hata moja?"

"Hata moja. Sayansi nayo ina utu, Bi Mashaka."

Akaandika kitu. Nilidhani anaandika kuhusu utu.

Aprili 14

Leo alikuja na daftari langu la wakati ule, lenye mwandiko wangu, limeliwa na mende pembeni. Akalifungua, akaliweka mezani karibu na ndoo, akaweka kidole. Duru ya pili, baada ya mazoezi:

*Na. 7, fundi saa. Asema saa inarudi nyuma. Uchovu.*

Nikalisoma mara mbili.

"Alikuwa amechoka," nikasema.

"Ni fundi saa, Daktari."

"Fundi saa hachoki?"

"Akichoka atasema saa inachelewa. Hatasema inarudi nyuma."

Tone likaanguka ndooni. Nikamwuliza anataka kusema nini. Akasema hataki kusema kitu, anauliza tu: mtu akilala mashineni, skrini aliionaje?

Swali rahisi. Mgonjwa hulala chali, kichwa ndani ya tundu. Skrini iko nyuma ya kichwa chake, projekta huimulika, na kioo kidogo juu ya macho ndicho humwonyesha. Na kwa kuwa kioo hugeuza kushoto kuwa kulia, projekta lazima ipangwe irushe picha iliyogeuzwa, ili kioo kiigeuze tena ikae sawa.

"Na ikiwa projekta haikupangwa hivyo?"

Nikaanza kumjibu kisha nikaacha. Ikiwa haikupangwa hivyo, saa inarudi nyuma. Na nukta unazodhani umezirusha upande wa kipofu zinaangukia upande mzima. Mgonjwa ataziona, kwa nini asizione? Atabonyeza. Na ubongo utakaowaka ni ule mzima.

Mazoezi au bila mazoezi.

"Lakini duru ya kwanza hawakuona," nikasema.

"Ndiyo. Duru ya kwanza hakuna aliyesema saa inarudi nyuma."

Akachukua ndoo, akaenda kuimwaga. Haikuwa imejaa.

Aprili 15

Nimesahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza. Ni ajabu jinsi makosa ya wengine yanavyoonekana kwa mbali.

Aprili 18

Tumemwita Mzee Fyuzi, fundi aliyekuwa akitunza mashine ile ya zamani hadi alipostaafu. Amefika na kofia ya plastiki juu ya kofia ya kitambaa, na kitabu chake cha kazi kwapani. Kumbe huyu mtu ameandika kila skrubu aliyoikaza maishani. Akailamba ncha ya kidole, akafunua, akasoma kwa sauti ya mtu anayehubiri:

"'Projekta chumba cha picha. Taa imeungua. Nimeweka mpya. Mipangilio yote imefutika, nimepanga upya. Daktari amekagua, amesema sawa.' Na saini yako hii hapa, bwana mkubwa. Nzuri, ina mkia."

Tarehe: wiki moja kabla ya duru ya pili.

"Ulipangaje?" akauliza Bi Mashaka.

"Nilisimama mlangoni na Daktari. Tukatazama skrini. Picha imenyooka. Nikamwuliza, sawa? Kasema, sawa. Tukaenda kula."

"Hakuna aliyelala ndani akatazama kwa kioo?"

"Mimi kulala mle? Na mgongo huu?" Kisha akanigeukia, si kwa ubaya. "Wewe si ulilala?"

Sikulala. Nilikuwa na shati jipya.

Niliandika hapa, siku niliyoanza daftari hili, kwamba jicho ni mlango tu. Sikujua kwamba kazi yangu yote niliifanya nikiwa nimesimama mlangoni.

Aprili 21

Nitaandika kwa utaratibu, kama ripoti, maana ndiyo njia ninayoimudu.

Mashine ya zamani ilishauzwa kama vyuma. Projekta, skrini na fremu ya kioo vipo stooni. Projekta haikuguswa tangu siku ile, kwa sababu chumba kipya kina yake. Bi Mashaka ameazima godoro wodini, akalitandika sakafuni, akapanga skrini nyuma ya kichwa na kioo juu, kwa vipimo vilevile. Alivitoa kwenye makala yangu mwenyewe, ukurasa wa tatu. Mzee Fyuzi akachomeka waya. Taa ikawaka manjano kama mtu aliyeamshwa.

"Nani analala?" akauliza Mzee Fyuzi.

Wote wawili wakanitazama.

Nikavua viatu. Mtu wa umri wangu hashuki sakafuni kwa heshima. Nilishuka kwa awamu. Magoti yakalia, Mzee Fyuzi akasema, "Hilo linahitaji mafuta." Nikalala. Nikaona dari, na unyevu wa mvua uliochora kitu kama figo. Bi Mashaka akainamisha kioo.

Kwanza saa. Duara jeupe, vistari kumi na viwili, mshale mwekundu wa sekunde. Uliondoka juu, ukaenda kushoto. Ukashuka. Ukapanda upande wa kulia. Nikautazama ukizunguka mara tatu hivyo. La ajabu, na hili naliandika kwa kuwa ndilo jambo pekee la kitaalamu katika siku hii, ni kwamba mzunguko wa tatu ubongo wangu ulishakubali. Haukuona tena kosa. Kama nisingeambiwa, ningeapa kwamba ni saa ya kawaida. Watu kumi waliitazama dakika tano hawakusema neno. Mmoja alisema, nami nikamwandikia uchovu.

"Leta nukta," nikasema. "Za kushoto."

"Kushoto," akasema, akabonyeza.

Zikatokea kulia. Zinameta, zinacheza. Nilizipanga mimi mwenyewe zamani hizo, zina mwendo mzuri.

Mvua ilikuwa inapiga bati la stoo. Nikiwa bado nimelala nikamwambia Bi Mashaka kwamba nilimwona mkaidi.

"Najua," kasema. "Nyanyuka taratibu, usije ukapata kizunguzungu." Akanipa mkono. Ulikuwa mkono wa muuguzi, haukunihurumia wala kunilaumu, ulinivuta tu.

Aprili 22

Nimepata sababu nne za kunyamaza. Zote nzuri.

Aprili 23

Ya tano: labda Njia ya Kando ipo hata hivyo, na mimi niliifikia kwa bahati mbaya. Nimeipima sababu hii mbele ya wagonjwa wanane wa Bi Mashaka. Haisimami.

Aprili 26, Jumapili

Kaka sabini na nne. Niliandika kwa penseli.

Bega lake lina alama ya rangi ya mlango wetu. Anahesabu siku za kwenda kupimwa. Ameshamwambia tajiri wake wa zamani amwekee lori. Nilifungua mdomo mara mbili, mara zote mbili nikaomba chumvi. Mke wangu alinisogezea chumvi mara zote mbili, ingawa ilikuwa mbele yangu. Baadaye nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja la hesabu:

"Hospitali ngapi zinatumia mazoezi yako?"

Nikasema sijui. Nyingi.

"Basi anza na mmoja," kasema.

Aprili 29

Ndoo imetoboka.

Mei 3, Jumapili

Nilimkalisha kaka sebuleni. Mkewe na mke wangu walikuwa jikoni wakigonganisha sufuria kwa makusudi.

"Kaka, ile Njia ya Kando haipo."

"Imefungwa?"

"Haikuwahi kuwepo."

Nikamweleza taa, projekta, kioo, godoro. Mtu aliyeishi na vioo vya pembeni miaka thelathini na mitano huelewa haraka, alinipita njiani. Nje mvua ilikuwa imepungua, inadondoka tu kwenye mfereji.

"Kwa hiyo mazoezi hayafanyi kitu."

"Hayafanyi."

"Na sabini na nne yangu?"

"Hiyo ndiyo siielewi."

Akajikuna shingo. Nilimwona hivyo mara ya mwisho tukiwa watoto, siku alipovunja redio ya baba.

"Mdogo wangu, na mimi nina langu. Nilikuwa naibia."

"Unaibia vipi?"

"Ulisema nikaze macho katikati, nisihame. Nikikaza katikati sioni kitu, nyeusi pia haipo, ni hakuna tu. Basi natupa jicho kushoto, naikuta nukta, nabonyeza, narudi. Chap, kama kutupia macho kioo cha pembeni. Siku hizi nimekuwa mwepesi, kompyuta yako hainishiki."

Kompyuta ya nyumbani haina kamera.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ulikuwa unaandika kwa kalamu nyekundu, unatabasamu kama ulivyotabasamu darasa la pili, ulipopewa ile penseli ya zawadi. Nikasema, acha mtoto afurahi."

Hapo niliomba nafasi ya kupangusa miwani.

"Na leseni?" akauliza.

"Watakupima kwa mashine inayojua jicho likihama."

"Na isipojua?"

"Kaka, lori lile. Kushoto akitokea mtoto..."

"Usinimalizie." Akatazama mikono yake. "Miaka thelathini na mitano sijagonga hata kuku. Sasa kila Jumapili nagonga mlango wako." "Siendi. Lakini usiniambie nimefanya vizuri. Leo usiniambie hivyo."

Sikumwambia.

Mke wangu akatokea jikoni, hakuficha kwamba alikuwa anasikiliza. "Shemeji, hilo la kutupa jicho kushoto, ukiingia mlangoni unalifanya?"

"Mlangoni? Hapana, hilo ni la kompyuta."

"Hebu toka, uingie tena. Uibie."

"Kunanyesha."

"Toka, shemeji. Mimi ni mwalimu."

Akatoka. Akaingia. Kichwa kilipinda kidogo, macho yakaenda kushoto yakarudi, na bega likapita bila kuugusa mlango. Akarudia. Likapita tena. Mke wa kaka akapiga makofi na mwiko mkononi.

Mtu mmoja, mlango mmoja, majaribio mawili. Nimewahi kujenga makubwa juu ya machache kuliko hayo, kwa hiyo safari hii nimeandika tu.

Mei 6

Nimeliandikia jarida waiondoe makala. Kurasa mbili: katika wa kwanza nilieleza kosa, wa pili niliufuta kwa sababu nilikuwa nimeanza kuandika vizuri. Nimeziandikia pia hospitali ninazozijua. Mzee Fyuzi alitaka jina lake liwekwe kwenye kosa. Nikamwambia kazi yake ilikuwa kuniuliza, na aliniuliza.

Mei 8

Mkuu wa kitivo ameniita.

"Ungengoja mhadhara upite."

"Na wagonjwa wanaokaa mbele ya nukta?"

"Nusu saa ya nukta haijaua mtu."

"Haijaua. Inawapa matumaini ya leseni."

Akatazama bango ukutani kwake, mimi mwenye nywele. Akauliza kama jina la mhadhara linaweza kubadilishwa bila kuchapisha upya. Nikasema tubandike karatasi juu.

Mei 12

Simu kutoka hospitali moja. Walikuwa na wagonjwa sitini kwenye mazoezi. Mama aliyenipigia hakunigombeza, aliuliza tu awaambie nini kesho asubuhi. Nilikuwa na sentensi tano. Alizihitaji mbili.

Mei 15

Wagonjwa wa Bi Mashaka wamekubali kuendelea, safari hii kwa kuibia jicho, kama kaka. Ameandika pendekezo jipya, na mahali pa jina la msimamizi ameacha wazi. Nikamwuliza kama amenifukuza. Kasema, "Nilitaka uombe."

Nimeomba.

Mei 20

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa. Kaka alikuja kwetu, akakaa barazani kutwa nzima akitazama barabara, kichwa kikienda kushoto kila kinapopita kitu. Lori lilipopita alilitaja aina na mwaka. Sikumsumbua.

Mei 22

Ukumbi ulijaa; watu hupenda kushuhudia mtu akianguka, hata kama ni kutoka kiti kifupi. Walipokuwa wakiketi niliwasha kwenye skrini kubwa filamu ya saa, dakika tano, nimeigeuza. Mshale ukarudi nyuma mbele ya watu mia mbili, maprofesa tisa kati yao. Mkuu wa kitivo aliitazama, akatazama saa yake ya mkononi, akaridhika.

Kisha nikauliza nani ameona kitu. Kaka peke yake akanyoosha mkono kutoka safu ya nyuma. Nikamkataza: yeye alishaambiwa.

Nikasimulia yote, na shati jipya pia. Mwishoni hawakupiga makofi mara moja. Walikuwa wanaitazama saa, niliyokuwa nimeiwasha tena.

Mei 25

Kamati imeahirisha uprofesa wangu "hadi itakapotangazwa." Mke wangu asema angalau maandishi sasa yanasomeka.

Mei 29

Siku ya tatu bila mvua. Paa limekauka, nimeirudisha ndoo stooni na tundu lake.

Bi Mashaka aliipata anwani ya Namba Saba, yule fundi saa. Kibanda chake kiko kati ya duka la viatu na mtu anayetengeneza funguo. Amezeeka. Lenzi iko kwenye jicho la kulia, na saa anazotengeneza amezipanga zote upande wa kulia wa meza. Kushoto meza ni tupu kabisa, na vumbi lake. Miaka kumi na minne, na yale mazoezi niliyomsifia hayakumrudishia hata shubiri moja ya meza.

Sura yangu hakuikumbuka. Nikataja mashine, tundu, kelele.

"Aa! Yule wa ile saa!" Akaitoa lenzi. "Ilikuwa inarudi nyuma."

"Ulisema hivyo."

"Nilisema, ndiyo. Kwanza nilifikiri, huyu daktari amenitega. Anataka kuona kama nitasema kweli au nitaogopa mashine yake. Nikasema kweli. Wewe ukaandika kwenye daftari." Akacheka, meno machache, furaha nyingi. "Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, mtihani nimefaulu. Si nilifaulu?"

Nilikuwa nimekuja na maelezo marefu, yamepangwa vizuri, yana mwanzo na mwisho. Nikayaacha mfukoni.

"Ulifaulu, mzee," nikamwambia. "Peke yako darasa zima. Alama tu ndizo zilichelewa."